Kumi na Tano Kabla ya Tisa

Tarehe 10 Disemba 2009 Unguja iliingia gizani, na giza hilo likadumu karibu miezi mitatu. Njia ya umeme iliyolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni upande wa Dar es Salaam hadi Fumba, ilikuwa imekufa kwa mara ya pili. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, Mei 2008, kisiwa kilikaa takriban mwezi mzima bila umeme kwa sababu ya njia hiyo hiyo. Pampu za maji zilisimama, na hoteli za Mji Mkongwe zikageukia majenereta.

Pemba haikuguswa, wala hilo halikutokana na busara ya mipango. Kisiwa hicho hakikuwa kimeunganishwa na gridi yoyote. Umeme wake ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya Wesha, nje kidogo ya Chake Chake: umeme wa gharama kubwa, wa kuja na kuondoka. Ilipofika Juni 2010 ndipo waya wa kilovolti 33, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 70, ulipoletwa kutoka Tanga kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilitolewa na Norway.

Anayesoma kwa taa, umeme ukikatika hupapasa kibiriti, akawasha kandili na kuendelea alipoishia. Aliye mbele ya kompyuta ana balaa jingine. Faili liko wazi, nusu ya takwimu imeshaandikwa kwenye diski na nusu ingali kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme unapoondoka. Ndiyo maana ofisi yenye kompyuta muhimu huweka UPS, lile boksi zito la betri linalolia umeme unapokatika. Mlio ule ni wa watu. Mashine nayo hupata habari zake kwa njia yake: waya mwembamba hutoka kwenye boksi hadi kwenye kompyuta, na ikiwa kompyuta ni ya ukoo wa Unix, habari hiyo inaweza kufikishwa kwa programu mama kwa jina la SIGPWR.

SIGPWR ni moja kati ya ishara thelathini hivi ambazo mifumo ya Unix huzitumia kuikatiza programu iliyo kazini. Karibu kila moja ina kisa kilichoizaa, na visa vyenyewe si vigeni kwa mkaazi wa Pemba: simu imekatika, umeme umezimika, mtu amechoka kusubiri.

Zamani hapakuwa na haja ya kumkatiza yeyote. Mashine za miaka ya 1950 zilifanya kazi moja kwa wakati mmoja. Mwenye kazi alikabidhi kadi zake zilizotobolewa, akaenda zake, akarudi kesho yake kuchukua majibu. Programu ikipotea njia na kuzunguka bila mwisho, aliyeona ni mtumishi wa zamu aliyesimama pembeni ya mashine, naye alikuwa na swichi yake. Kwenye vyuma vyenyewe uwezo wa kukatizwa ulikuwa umeshaanza. Kompyuta ya DYSEAC, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1954, inahesabiwa miongoni mwa za mwanzo ambazo kifaa cha nje kiliweza kuisimamisha hesabu na kudai kusikilizwa. Lakini mtumiaji wa kawaida hakuwa na kitufe.

Kitufe kilikuja na ushirika. Novemba 1961, katika chuo cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa pamoja, kila mmoja akiwa kwenye mashine yake ya kuchapia. Hapo suala likageuka. Mtumiaji amekaa mbele ya karatasi inayotoka na upuuzi, na mashine kubwa iko chumba kingine inahudumia wengine kadhaa. Hawezi kuizima. Anachohitaji ni kuisimamisha kazi yake peke yake, bila kumgusa jirani. CTSS ikampa njia ya kufanya hivyo, na mrithi wake, mfumo wa Multics, ukaichukua.

Mwaka 1969 maabara za Bell zilijitoa kwenye mradi wa Multics, uliokuwa umekula fedha nyingi na miaka mingi. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa wamekwishazoea kukaa na kompyuta ana kwa ana, hawakutaka kurudi kwenye zama za kadi. Thompson akapata mashine ndogo ya PDP-7 iliyokuwa haina kazi nyingi huko Murray Hill, New Jersey, akaanza kuandika mfumo ambao baadaye uliitwa Unix. Kitabu chake cha kwanza cha maelezo kina tarehe ya 3 Novemba 1971. Ndani yake tayari yamo maombi mawili ambayo programu ingeweza kuyapeleka kwa mfumo: intr na quit. La kwanza lilihusu kukatizwa, la pili kuachishwa kabisa.

Ili kuelewa kwa nini mambo hayo mawili yalitangulia, inafaa kuifikiria mashine ya Teletype 33 iliyokuwa mezani. Haikuwa na kioo. Ilichapa herufi kumi kwa sekunde kwenye karatasi, kwa makelele. Mtu aliyeomba faili dogo kumbe akapata lenye mistari elfu moja alikuwa na saa nzima ya kusikiliza makelele hayo, na karatasi ikiteketea. Kwa hiyo kitufe cha kufutia, kilichoandikwa RUBOUT, kikapewa kazi ya kukatiza. Ile Ctrl-C inayojulikana leo ilitoka kwenye mifumo ya kampuni ya DEC na kuingia Unix baadaye. Quit nayo ilikuwa na ziada yake: programu ikiuawa kwa njia hiyo, yote iliyokuwa nayo kwenye kumbukumbu yalimwagwa kwenye faili liitwalo core, ili mwandishi wake akachunguze kilichoisibu.

Toleo la nne, la mwaka 1973, lilikusanya utaratibu uliokuwa umetawanyika na kuuweka chini ya ombi moja liitwalo signal. Tangu hapo mpango haujabadilika sana. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ndiyo yenye mamlaka ya kumkatiza yeyote. Inapofanya hivyo haileti barua wala maelezo. Inaleta namba tu. Mbili ni mtumiaji amebonyeza kitufe cha kukatiza. Kumi na moja ni programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Kumi na nne ni saa uliyoiomba ikuamshe imefika. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, walisema wahenga, na mbiu hiyo nayo haikuwa na maneno: aliyeisikia aliacha jembe akaenda kusikiliza. Programu ikisikia namba yake huacha mstari iliokuwa ikiutekeleza, ikaenda kwenye sehemu iliyoandikwa maalumu kwa ajili ya namba hiyo, kisha, kama bado i hai, ikarudi palepale ilipoachia.

Mwandishi wa programu ana hiari tatu. Anaweza kuipuuza ishara, anaweza kuiachia ifanye desturi yake, ambayo kwa nyingi ni kuua, au anaweza kuipokea na kuamua mwenyewe. Namba tisa haipokelewi wala haipuuzwi. Iliwekwa makusudi, kwa ajili ya programu iliyoharibika kiasi cha kutosikia lolote.

Julai 1974 Thompson na Ritchie walichapisha makala yao kuhusu Unix katika jarida la Communications of the ACM, na vyuo vikuu vikaanza kuomba nakala. Mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza, ICT 1500, ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na uzoefu uliofuata ulileta hasara na lawama. Katika nchi iliyokuwa ikihesabu kila shilingi ya fedha za kigeni, vifaa vya elektroniki vilionekana anasa. Televisheni nazo zilikuwemo katika marufuku hiyo, ingawa Zanzibar, kwa kwenda njia yake, ilianzisha televisheni ya rangi katika nusu ya kwanza ya miaka hiyohiyo ya 1970. Vizuizi vya kompyuta vililegezwa katika miaka ya 1980. Hivyo wakati mfumo uliokuja kutawala seva na simu za dunia unakua, Tanzania ilikuwa imejiweka kando, na ilipoingia iliukuta umekomaa.

Ulikomaa kwa makosa. Toleo la sita, la mwaka 1975, lilikuwa na amri iitwayo kill, ambayo mtu aliichapa akifuatisha namba ya programu anayotaka kuisimamisha. Asipotaja ishara, amri ilipeleka tisa. Kwa maneno mengine, aliyesema tu “simama” alieleweka kuwa amesema “kufa”. Programu iliyouawa hivyo haikuweza kufunga faili zake, haikuweza kufuta vifaili vya muda ilivyoviacha, na mara nyingine iliacha nyuma faili la kufuli, lile linalozuia nakala mbili za programu moja kufanya kazi kwa pamoja. Mwenye kuiwasha tena alijibiwa kwamba kuna mwingine ndani, na huyo mwingine ameshakufa.

Toleo la saba, la mwaka 1979, likabadilisha desturi. Ishara mpya, namba 15, SIGTERM, iliwekwa kwa ajili ya kuomba programu imalize, na amri ya kill isiyotaja namba ikaanza kuipeleka hiyo. Tisa haikuondolewa; ila sasa mtu alipaswa kuiandika kwa mkono wake, kill -9, akijua anachokifanya. Katika historia yote ya ishara hizi, hakuna badiliko dogo kwa sura na kubwa kwa athari kama hilo. Kabla yake programu ilipewa hukumu. Baada yake ilipewa notisi, na muda wa kufunga mahesabu.

Si kwamba kazi ilikwisha. Katika toleo hilohilo la saba, programu iliyopokea ishara mara moja ilirudishwa kwenye desturi ya kuuawa, mpaka ijisajili upya. Kati ya kupokea na kujisajili palikuwa na mwanya mdogo mno. Mtumiaji mwenye haraka aliyebonyeza mara mbili kwa kufuatana angeweza kuuotea mwanya huo, na programu iliyoandikwa kwa uangalifu wote ikaanguka. Makosa ya aina hii yanaumiza vichwa kuliko yote, kwa kuwa hayajirudii mtu anapotaka kuyaona. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilirekebisha jambo hilo katika mfumo wake wa 4.2BSD wa mwaka 1983, na kiwango cha POSIX cha mwaka 1988 kikaweka sheria moja ya kufuatwa na watengenezaji wote.

Berkeley walikuwa pia wameingiza kitu cha manufaa kisichotoka Marekani. Jim Kulp, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya IIASA huko Laxenburg, Austria, alitengeneza njia ya kuisimamisha programu kwa muda bila ya kuiua: bonyeza Ctrl-Z, inasinzia, itake tena, inaamka na kuendelea. Mfumo wa 4BSD wa mwaka 1980 uliichukua kazi yake.

Kulikuwa na ubishi mwingine, wa kinadharia zaidi, ambao Richard Gabriel aliusimulia katika insha yake maarufu kuhusu ubora na urahisi. Mtu wa MIT alimuuliza mtu wa Unix: ishara ikija wakati programu imo ndani ya kerneli, inangoja kwa mfano herufi kutoka kwenye kibodi, mnafanyaje? Watu wa MIT walikuwa wameumiza vichwa kuhakikisha kazi hiyo inarudishwa nyuma kwa usafi na kuanza upya bila programu kujua. Jibu la Unix lilikuwa rahisi hadi kuudhi: kerneli inaiacha kazi, inarudisha msimbo wa kosa, na mwandishi wa programu ajue mwenyewe kujaribu tena. Mtu wa MIT hakupendezwa. Waandishi wa programu wa leo bado wanakutana na msimbo huo, EINTR, na wengi wao hawaukumbuki mpaka programu imeshawaaibisha mbele ya wateja.

Ishara namba moja katika orodha ni SIGHUP, na asili yake ni simu. Watumiaji wa mbali waliifikia kompyuta kupitia modemu na laini ya kawaida ya simu. Laini ikikatika, kerneli iliziambia programu za mtumiaji huyo kwamba mwenyewe hayupo tena. Desturi ya ishara hiyo ni kuua, kwa sababu programu inayomsubiri mtu aliyeondoka inakula nafasi ya wengine. Aliyetaka kazi yake iendelee hata laini ikikatika alitanguliza amri ya nohup.

Afrika Mashariki ilizijua laini za kukatika kuliko watu wa New Jersey. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe za eneo hili zilisafiri kwa kupigiana simu: kompyuta ilikusanya barua za siku nzima, ikaipigia kompyuta nyingine nje ya nchi, zikabadilishana mafurushi na kukata. Njia moja iliyotumika ilikuwa UUCP, iliyozaliwa na Unix yenyewe katika maabara zilezile za Bell. Nyingine ilikuwa Fido. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kituo cha namna hiyo kilichohusishwa na jina la Charles Musisi. Majina ya nchi kwenye intaneti yalifuata: .ke mwaka 1993, .ug Machi 1995, .tz Julai 1995, hili la mwisho likisimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Dakika za simu za kimataifa zilikuwa ghali, laini zilijaa mikwaruzo, na furushi lililokatikia njiani lililipiwa mara mbili. Katika mazingira hayo, programu iliyojua kuishughulikia simu iliyokatika, ikafunga faili vizuri na kuendelea ilipoishia, iliokoa fedha halisi.

Simu zilipoanza kutoweka kwenye mambo ya seva, ishara ya simu kukatika haikustaafu. Programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia, bila mtu wala kioo, hazina simu ya kukatika, kwa hiyo namba moja ilikuwa imekaa bure kwao. Waandishi wakaipa kazi nyingine: soma upya faili la mipangilio bila kusimama. Msimamizi wa seva ya barua au ya majina ya intaneti alibadilisha mstari mmoja, akaandika kill -HUP, na watumiaji hawakujua kuwa kuna lolote lililotokea. Hayo yalikuwa maisha ya kila siku kwa kizazi cha wasimamizi wa mitandao waliokutana kwenye mafunzo ya AfNOG, yaliyofika Kampala mwaka 2003, Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011, ambako mashine za darasani ziliendeshwa kwa FreeBSD, mjukuu wa kazi ile ya Berkeley.

Na umeme? SIGPWR iliongezwa na AT&T mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika toleo lake la Unix liitwalo System III. Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, mfumo wake ulifuata njia ya Unix, na ishara hiyo ikaingia humo. Kwenye kompyuta nyingi za Linux ni namba 30. Programu ya UPS ikijua kuwa umeme umekatika na betri inaelekea kuisha, inaweza kuipeleka kwa init, programu ya kwanza kuwashwa na mama wa nyingine zote. Init huanza kuzipitia programu zake: kwanza kumi na tano kwa wote, kisha subira ya sekunde kadhaa, kisha tisa kwa waliobaki. Halafu mashine inajizima. Betri ikitosha kwa utaratibu huo, umeme ukirudi hakuna kilichopotea. Betri iliyochoka, na zipo nyingi maofisini zinazoonyesha taa ya kijani huku zikiwa zimekwisha, haimfikishi mtu hata kwenye kumi na tano.

Suala la takwimu kupotea si la kufikirika visiwani. Mwaka 2005 Wizara ya Afya ya Zanzibar, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo kupitia mtandao wa HISP na kwa msaada wa Denmark, ilianza kuingiza takwimu za vituo vya afya kwenye programu ya DHIS. Pemba ilikuwemo, na wilaya zake nne za Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Kilichoifanya Zanzibar izungumzwe nje kilikuwa zaidi ya kompyuta: warsha za kila robo mwaka, ambapo watu wa wilaya walileta takwimu zao wenyewe na kuhojiana juu yake mbele ya wenzao. Mtu akijua kuwa namba zake zitaulizwa, huziandika kwa uangalifu. Uzoefu huo ulichapishwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 2012.

DHIS ya mwanzo ilikaa kwenye kompyuta ya wilaya, na takwimu zilisafirishwa kwa faili. DHIS2, iliyoandikwa upya ili itumike kupitia intaneti, huweka takwimu zote kwenye seva moja; Kenya iliianzisha nchi nzima mwaka 2011, Tanzania Bara ikafuata, na Zanzibar nayo ikahamia huko. Seva ya kawaida ya DHIS2 ni ya Linux, na takwimu zake hukaa ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo nayo ilizaliwa Berkeley.

PostgreSQL ndiyo mahali pazuri kuliko pote pa kuona namna ishara zilivyokuja kuwa lugha kamili. Ikipelekewa TERM, inafunga mlango kwa wageni wapya na kuwasubiri waliomo wamalize na kutoka wenyewe. Ikipelekewa INT, inawatoa waliomo, lakini kwanza inazifuta kazi zao za nusunusu ili pasibaki rekodi iliyoingia upande mmoja tu. Ikipelekewa QUIT, inaondoka papo hapo bila kufagia, na ikiwashwa tena inalazimika kusoma daftari lake la ndani na kujitengeneza. Tisa waandishi wake wanaikataza: hifadhidata iliyouawa hivyo inaweza kuacha vipande vya kumbukumbu ya pamoja vikiwa vimeshikiliwa na asiyekuwepo. Daftari lile litaziokoa takwimu katika hali nyingi. Lakini msimamizi anayelitegemea kila siku anacheza na ripoti za chanjo za mwezi mzima, na mara nyingi anafanya hivyo kwa sababu moja tu, kwamba alizoea kuandika -9 tangu alipojifunza, na hakuna aliyemwambia kuwa ile ni ya mwisho.

Leo Unix iliyo karibu zaidi na watu wa Pemba haimo kwenye seva. Imo mfukoni. Simu za Android zinaendeshwa na kerneli ya Linux, na Tecno au Itel inayouzwa dukani Wete ina ndani yake ishara zilezile, kwa namba zilezile. Kumbukumbu ya simu ya bei nafuu hujaa haraka. Mwenyewe anafungua WhatsApp, anahamia kwenye kamera, anarudi kutuma pesa. Nafasi inakwisha, na mfumo unaanza kuua programu ambazo kwa wakati huo hazitazamwi. Unatumia tisa. Hakuna notisi, kwa kuwa notisi inahitaji muda na kumbukumbu, na vyote viwili havipo.

Walioitengeneza Android, ambayo simu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2008, walijua hivyo. Kwa kuwa tisa haipokelewi, waliirudisha notisi nyuma: programu inaarifiwa mapema, mtumiaji anapoiacha kwenda kwingine, na hapo ndipo inapotakiwa ihifadhi kila kitu. Kitakachofuata baadaye huenda ni kifo cha ghafla. Mpango huo ni wa busara, ila umewatwika mzigo wote waandishi wa programu, na si wote wanaoubeba.

Kwa Zanzibar mzigo huo una uzito wake. Tangu 2019 mpango wa serikali wa Jamii ni Afya, ulioendelezwa pamoja na shirika la D-tree, umewapa simu wahudumu wa afya wa kujitolea, zaidi ya 2,000 Unguja na Pemba. Mhudumu anakwenda nyumba hadi nyumba, anamhoji mama mjamzito, anapima mtoto, na anajaza majibu kwenye simu. Pasipo na mtandao, taarifa hukaa humohumo mpaka utakapopatikana. Simu ikilia katikati ya mahojiano, au mhudumu akifungua kitu kingine kidogo tu, fomu aliyokuwa akiijaza imehamia kwenye foleni ya zinazoweza kuuawa.

Vijana wanaosomea kompyuta visiwani na bara ndio watakaoandika programu za simu hizo kesho. Wanapozijaribu, wasiridhike na kuzijaribu kwenye simu mpya yenye kumbukumbu ya kumwaga na mtandao wa ofisini. Waijaze fomu nusu, wapeleke kill -9, waifungue tena programu, kisha watazame majibu mangapi yamebaki. Kama yamepungua hata moja, programu hiyo bado haijawa tayari kupelekwa Micheweni.